Mjusi wa Mariakani na mawe ya barazani

MALORI yatokayo Mombasa kwenda Uganda hupimwa uzito Mariakani kabla ya kushika safari ndefu ya kuja huku kwetu Eldoret. Mji huo wengi wetu tunaujua kwa mizani hiyo tu. Lakini je, msomaji, ulijua kwamba Mariakani ina mnyama wake anayetajwa katika vitabu vya sayansi ng'ambo na hapa nyumbani?

Mnyama huyo anaitwa Kenyasaurus mariakaniensis, yaani mjusi wa Kenya, wa Mariakani. Wataalamu wawili, John Harris na Robert Carroll, walimpa jina hilo mwaka wa 1977. Aliishi miaka milioni 250 hivi iliyopita, kabla dinosaria hawajatokea duniani. Watoto wasimfikirie kuwa lile jitu la sinema. Alikuwa mnyama mdogo mwenye umbo la mjusi na mkia mrefu wenye jozi 28 za mbavu.

Jamaa zake walikuwa hodari wa maji. Tangasaurus, aliyepewa jina la mji wa Tanga mwaka wa 1924, alikuwa muogeleaji. Hovasaurus wa Madagaska alikuwa na mkia bapa kama kafi, na alimeza vijiwe vya kumpa uzito asielee ovyo. Vijiwe hivyo vimekutwa tumboni mwake. Wakati huo Madagaska ilikuwa bado imeshikana na Afrika, kwa hiyo si ajabu wakawa ukoo mmoja. Huyu wetu wa Mariakani, wapo wataalamu waliomwona kuwa wa nchi kavu zaidi.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Yote hayo kuhusu mjusi wetu yalijulikana kutokana na kiunzi kimoja cha mifupa, tena kisicho na kichwa! Kama jiwe lile lingepigwa nyundo na kutiwa kwenye msingi wa nyumba, Kenya isingekuwa na mjusi huyo hata kwa jina.

Nalo jiwe si geni kwetu. Yale mawe bapa ya Mazeras tunayoyatandaza barazani na kwenye vijia vya nyumba zetu hutoka katika miamba ya ukanda uo huo wa pwani, jirani kabisa na Mariakani. Yanasafiri kwa malori hayo hayo.

Kwa hiyo mwashi anapopasua jiwe, na aangalie kwanza. Akiona alama kama uti wa mgongo, jani au unyayo, aweke nyundo chini. Asilioshe kwa asidi wala kulichokoa kwa kisu, na aulize lilichimbwa wapi, kwa maana jiwe lisilojulikana kwao hupoteza nusu ya habari yake. Sheria ya mwaka wa 2006 ya makavazi na turathi inamtaka anayegundua kitu cha namna hiyo kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku saba. Sisi wa Eldoret hatuna haja ya kufika Nairobi, kwani makavazi ya Kitale yako karibu.

Wazazi, Jumapili hii watoeni watoto barazani wakayakague mawe. Huenda wasione kitu. Lakini atakayezoea kutazama ndiye atakayeona siku kitakapokuwapo, na pengine kichwa cha mjusi wetu bado kinamngoja.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.