Afya ya Mjenzi Huanza Katika Mkataba

Kila apitaye katika miji yetu huona majengo yakipanda, barabara zikichongwa na madaraja yakivushwa juu ya mito. Hayo ni mambo ya kujivunia, nasi twajivunia pamoja na wananchi wote. Lakini jengo likiisha kufunguliwa, sisi sote huwa na desturi ya kulihesabu kwa ghorofa zake na kwa mamilioni ya shilingi yaliyotumika. Ni mara chache sana kulihesabu kwa watu waliolijenga: wangapi walianguka, wangapi walirudi makwao na vifua vilivyojaa vumbi la mawe, na wangapi walimaliza kazi wakiwa na madeni kuliko siku walipoianza. Leo twataka kusema juu ya watu hao.

Kwa muda wa miaka mingi wataalamu wa usimamizi wa ujenzi katika vyuo vikuu vya nchi mbalimbali wamekuwa wakiuliza swali moja: ni nini hasa kimdhuru mfanyakazi wa ujenzi? Majibu yao hayakukaa pale ambapo wengi wetu tungetazamia. Sisi tumezoea kutafuta sababu juu ya jukwaa, kwa fundi aliyeteleza au kibarua aliyesahau kofia yake. Wataalamu wameitafuta nyuma zaidi, wakaikuta mezani: katika ramani, katika zabuni, katika ratiba na katika mkataba, kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo.

Jambo hili si dhana tupu. Jumuiya ya Ulaya ilipotoa agizo lake la tarehe 24 Juni 1992 juu ya usalama katika maeneo ya ujenzi, ilieleza katika utangulizi wake kwamba zaidi ya nusu ya ajali za kazi katika maeneo hayo zilichangiwa na uchoraji usiofaa au mpango mbaya wa kazi wakati wa matayarisho. Zaidi ya nusu! Maana yake ni kwamba mtu aweza kuvunjika mguu mwezi wa Agosti kwa kosa lililotendwa na watu wengine, waliovaa mashati safi, mwezi wa Januari.

Hebu tulieleze jambo hili kama linavyotokea. Zabuni hutangazwa, na mara nyingi mwenye bei ya chini ndiye apewaye kazi. Ili kuipata, mkandarasi hupunguza bei. Atapunguza wapi? Bei ya nondo na saruji haimo mikononi mwake. Basi hupunguza kile ambacho hakionekani jengo likiisha: mirunda imara ya jukwaa, glavu, viatu, maji ya kunywa, choo, kivuli cha kupumzikia, na siku za kazi zenyewe. Kisha kazi hukatwa vipande. Mkandarasi mkuu humpa mkandarasi mdogo, naye humpa fundi mkuu, naye fundi mkuu huenda kijiweni asubuhi kuchukua vibarua wa siku hiyo. Kila anayepokea hukata chake. Kibarua afikiwapo, fedha imekwisha pungua, muda umekwisha bana, na hata jina la mwajiri wake halijui. Akianguka, kila mmoja humnyoshea kidole mwenzake, na hatimaye wote hukubaliana juu ya neno moja: uzembe.

Sisi hatusemi kwamba hakuna fundi mzembe. Wapo, na vyama vya wafanyakazi havina budi kuwaonya. Lakini mtu anayemwaga zege tangu alfajiri hadi usiku, kwa sababu ratiba imechelewa na siku haiwezi kurudi, hawezi kuitwa mzembe macho yakimfumba saa mbili za usiku. Huyo amechoka, na waliomchosha wanajulikana.

Wako watakaouliza: je, mambo yaweza kuwa namna nyingine? Yaweza. London ilipojiandaa kwa michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012, maelfu ya wafanyakazi walijenga viwanja katika eneo kubwa la mashariki ya mji huo, na hakuna hata mmoja aliyepoteza maisha katika kazi hiyo. Wataalamu waliochunguza mafanikio hayo hawakuyaona kuwa bahati. Mwenye kazi alikuwa ni mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo iliweka masharti ya usalama na afya tangu mwanzo, ikayadai kwa kila mkandarasi, na ikaweka huduma ya afya palepale penye kazi. Mwenye kazi akitaka, mkandarasi naye atataka. Mwenye kazi akinyamaza, mkandarasi atasikia ukimya huo na kuuelewa vizuri sana.

Yatupasa pia kusema juu ya jeraha lisiloonekana. Mwaka 2017 ofisi ya takwimu ya Uingereza ilitoa uchunguzi wa vifo vya watu waliojiua nchini England kati ya mwaka 2011 na 2015. Ilionekana kwamba kwa wanaume wafanyao kazi zisizo za ufundi, hasa vibarua wa ujenzi, hatari ya kujiua ilikuwa mara 3 ya ile ya wanaume wote kwa wastani. Kwa mafundi wa lipu na wapaka rangi ilikuwa zaidi ya mara 2. Katika jimbo la Queensland, Australia, uchunguzi wa chuo kikuu wa mwaka 2006 ulikuta tatizo hilohilo miongoni mwa wajenzi.

Kwa nini iwe hivyo kwa watu wenye nguvu, ambao tumewazoea wakiimba na kutaniana kazini? Mtaalamu wa Marekani, Robert Karasek, alieleza mwaka 1979 kwamba kazi inayomtesa mtu moyo ni ile inayomdai mengi huku ikimnyima uwezo wa kuamua lolote. Hiyo ndiyo kazi ya kibarua wa ujenzi. Hajui kama kesho atakuwa na kazi. Hajui kama Jumamosi atalipwa. Yuko mbali na mkewe na watoto, na ada ya shule inamngoja. Juu ya hayo yote amefundishwa tangu utotoni kwamba mwanamume hakiri kuchoka. Bandu bandu huisha gogo, na binadamu naye huisha vivyo hivyo.

Twapenda wafanyakazi wajue wenzao wa Queensland walifanya nini. Hawakuiacha taarifa ile ilale kabatini. Mwaka 2008 vyama vya wafanyakazi na waajiri walianzisha pamoja mpango wa kuwafundisha wajenzi wenyewe kumtambua mwenzao aliyelemewa, kumwuliza waziwazi na kumfikisha kwa mtu wa kumsaidia. Waliofunzwa hubandika alama kwenye kofia zao ngumu ili mwenye shida ajue amwendee nani. Hapo elimu ya chuo kikuu ilishuka jukwaani ikavaa kofia, nasi twasema hapo ndipo mahali pake.

Sasa tujitazame wenyewe. Tanzania haikosi sheria. Iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Iko Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, iliyoweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma, na kuamuru kwamba saa za ziada zilipwe zaidi. Iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake. Hata hivyo, tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Sheria ya mwaka 2003 ilikuwako siku hiyo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kuandika sheria ndiko kumlinda mtu.

Ugumu wetu ni kwamba sheria humtafuta mfanyakazi mwenye barua ya ajira, na wajenzi wetu wengi hawana hata kipande cha karatasi. Watafiti kama Jill Wells na Arthur Jason wameandika juu ya wafanyakazi hawa wasio rasmi wa Dar es Salaam na Nairobi, na juu ya njia wanazoweza kutumia kujipanga katika vikundi na vyama. Kazi kama hizo ni hazina. Lakini zimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapwa katika majarida ambayo fundi wa Mbagala hatayaona maisha yake yote. Yeye aliulizwa maswali, akatoa saa yake, akaeleza shida zake, kisha majibu yakapanda ndege.

Wako wasemao kwamba mambo haya yataongeza gharama, na kwamba nchi changa haina fedha za kuchezea. Sisi twawajibu kwamba gharama hiyo inalipwa hata sasa. Inalipwa na mjane wa Singida, inalipwa na mtoto aliyeacha shule, na inalipwa na hospitali ya wilaya inayompokea mtu aliyevunjika uti wa mgongo. Tofauti ni kwamba haikuandikwa katika hesabu za jengo. Wengine husema kwamba asiyetaka kazi ngumu aiache, maana kijiweni wako wengi wanaoingoja. Hayo ni maneno ya mtu aliyeshiba. Uhitaji wa mtu haumfanyi maisha yake kuwa rahisi.

Kwa hiyo twataka mambo manne, na twayataka kwanza kwa serikali na mashirika ya umma, kwa kuwa barabara, madaraja na shule za nchi hii ni kazi zao.

Kwanza, gharama za usalama na afya zitengwe katika zabuni, zisiwe kitu cha kushindania. Serikali ya Hong Kong ilianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1996 katika kazi zake: fungu la usalama hutengwa mbali na mashindano ya bei, na mkandarasi hulipwa anapothibitisha kwamba amelitimiza. Mshindani hawezi kushinda kwa kuondoa glavu.

Pili, muda wa kazi upimwe kwa nguvu za binadamu, si kwa tarehe ya sherehe ya ufunguzi. Msimamizi anayekubali ratiba isiyowezekana ahesabiwe kuwa amekubali ajali.

Tatu, fedha itembee. Mkandarasi anapocheleweshewa malipo na mwenye kazi, wa kwanza kulala njaa ni kibarua. Anayedai usalama kazini huku akikalia hati za malipo anabomoa kwa mkono wa kushoto anachojenga kwa mkono wa kulia.

Nne, vyuo vyetu vinavyofundisha uhandisi, ukadiriaji majenzi na usimamizi wa ujenzi virudishe matokeo ya uchunguzi wao kwa Kiswahili, kurasa chache tu, zisomwe kijiweni na kwenye mikutano ya vyama vya wafanyakazi. Na kabla ya kuchunguza, waulizeni saidia fundi na mama lishe anayewapikia, si wahandisi peke yao. Wao ndio wajuao ni saa ngapi watu huanza kuteleza.

Nanyi ndugu wafanyakazi, msikae mkingoja. Sheria ya mwaka 2003 imewapa nafasi ya kuwa na wawakilishi wa usalama na afya mahali pa kazi. Katika sehemu ngapi nafasi hiyo imetumika? Wachagueni watu wasioogopa, wajiungeni na chama chenu, na siku ya kwanza ya kazi ulizeni mwajiri ni nani na ameandikwa wapi. Mwenzenu akinyamaza ghafla, akianza kunywa kuliko kawaida yake au kusema maneno ya kukata tamaa, msimcheke. Mketi naye.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, nao walikuwa wakisema na wajenzi. Ufa wa leo umo katika karatasi za zabuni, nasi twaomba zabuni itakayotangazwa kesho ianze kuuziba.