Habari ya Mhadhara ni Hoja Yake

Tangu toleo lililopita litoke, barua nyingi zilizotufikia zimehusu kurasa mbili tu. Katika kurasa hizo tuliandika habari ya mhadhara wa wazi: mtoa mada alidai nini, ukumbi ulimpinga wapi, na ni swali gani la mwanafunzi wa mwaka wa pili ambalo halikupata jibu. Hatukuweka picha ya meza kuu, na jina la mgeni rasmi lilitajwa mara moja, mwishoni. Walioandika kulalamika wanasema tumekiuka itifaki, tumewavunjia heshima wakubwa, na tumeifanya habari ya chuo ionekane kama ugomvi. Nimezisoma barua zote kwa makini. Kila nilivyozidi kuzisoma ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba tulifanya inavyopasa. Toleo hili limebeba habari na matukio yajayo ya vyuo vikuu kutoka pande nyingi za nchi. Kabla hamjayafikia, naomba nafasi ya kuueleza msimamo huu, kwa sababu suala lenyewe ni kubwa kuliko itifaki.

Msomaji wa habari za vyuo vyetu anaijua sura yake. Aya ya kwanza humtaja mgeni rasmi na nyadhifa zake zote. Ya pili husema amewaasa wanafunzi wasome kwa bidii, wawe wazalendo na wajifunze kujiajiri. Ya tatu ni shukrani za Makamu Mkuu wa Chuo, ya nne ni orodha ya wafadhili, kisha inakuja picha ya pamoja. Mhadhiri aliyetumia miaka kuchunguza udongo wa bonde la Rufiji, au namna deni la taifa linavyolipwa, anapata sentensi moja: mada iliwasilishwa na washiriki walichangia. Walichangia nini? Nani alikataa, na kwa hoja gani? Hakuna. Ukiyaondoa majina, habari hiyo inaweza kuwa ya chuo chochote, mwaka wowote, kuhusu jambo lolote.

Hasara yake si ndogo. Kongamano moja linakula fedha za nauli, malazi, ukumbi na chakula, na linawakusanya mahali pamoja watu ambao kwa kawaida hawakutani. Saa mbili za mabishano mazuri zinaweza kubadilisha mwelekeo wa tasnifu ya mtu, mtaala wa idara, au sera ya wizara. Lakini kama hakuna aliyeandika kilichosemwa, mabishano hayo yanakuwa mali ya waliokuwa ukumbini peke yao, na baada ya miezi michache hata wao wanayakumbuka nusunusu. Mwaka unaofuata tunaitisha kongamano jingine, tunaanza pale pale tulipoanzia, na tunashangaa kwa nini mjadala wa elimu, wa ardhi au wa lugha ya kufundishia hausogei.

Haikuwa hivi siku zote. Machi 1967, wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kiliitisha mkutano kujadili nafasi yake katika Tanzania ya kijamaa. Tunaujua mkutano ule leo kwa sababu mabishano yake yaliandikwa, yakasomwa na yakagusa mitaala. Novemba 1969 wanafunzi wa USARF, umoja wa kimapinduzi wa wanafunzi wa chuo hicho, walianzisha jarida la Cheche. Hawakuwa na kiwanda cha uchapaji. Walipiga taipu, wakarudufu kwa stensili, wakagawa. Mwaka uliofuata Cheche ilitoa toleo maalumu lililobeba insha ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Novemba 1970 jarida na umoja wenyewe vikapigwa marufuku. Insha ile, hata hivyo, haikufa. Tanzania Publishing House iliichapisha kuwa kitabu, pamoja na maoni ya wasomi walioichambua na kuikosoa, Walter Rodney akiwa mmoja wao. Miongo minne baadaye Karim Hirji, aliyekuwa mhariri wa Cheche, aliwakusanya wenzake wa enzi hizo wakaandika kitabu kizima kuhusu jarida lao.

Shivji alipotoa kitabu chake cha 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, mabishano yalirudi kwa nguvu mpya. Dani Nabudere alimpinga, Mahmood Mamdani na wengine wakaingia, na hoja zikajibiwa kwa hoja, karatasi kwa karatasi. Yash Tandon aliyakusanya na kuyahariri, na mwaka 1982 kikatoka kitabu kuhusu tabaka, dola na ubeberu kinachobeba jina la chuo chenyewe. Mwanafunzi wa leo anaweza kukichukua maktabani akasema, hapa Nabudere amekosea, au hapa Shivji hakujibu. Hajui nani alifungua mjadala, nani alitoa neno la shukrani wala chakula kilikuwa nini. Anazijua hoja, na zinamtosha kuendelea na kazi.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya siasa za wakati ule. Basi tutazame ushairi. Euphrase Kezilahabi, aliyesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu hicho hicho cha Dar es Salaam, alitoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 na kuwashtua waliokuwa wakiamini kwamba shairi lisilo na vina na mizani si shairi. Kule kule chuoni Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976, kisha mwaka 1979 wakaja na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, kitabu kinachotetea na kufafanua njia hiyo ya kuandika bila kufungwa na vina na mizani. Wanamapokeo, waliotetea vina na mizani, nao hawakunyamaza. Mgogoro ule ulitoka kwenye vyumba vya semina, ukaingia magazetini na vitabuni, ukasomwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo. Ulikuwa kwa Kiswahili, ulikuwa mkali, na hadi leo hakuna mwalimu wa fasihi wa kidato cha tano anayeweza kuukwepa. Hiyo ndiyo habari ya chuo iliyofika kwa wananchi: watu wanajua kilichobishaniwa na wanachagua upande.

Naomba sasa nizijibu hoja mbili za waliotulaumu, kwa sababu zina uzito.

Ya kwanza ni heshima. Wanasema mgeni aliyeacha shughuli zake akaja kutufungulia kongamano anastahili kutajwa ipasavyo, na kwamba vyuo vinahitaji marafiki serikalini na kwa wafadhili. Nakubali kabisa kwamba mgeni lazima aheshimiwe. Ninachouliza ni heshima ipi iliyo kubwa zaidi. Waziri akija na hotuba inayosema jambo la maana, tuliandike jambo hilo, tulipime, tueleze ukumbi ulilipokeaje. Tukiandika vyeo vyake na kuacha fikra zake, tumemfanya pambo la ukumbi. Mfadhili naye anapenda kuona fedha zake zimezaa mawazo. Pale mzungumzaji anaposema itifaki imezingatiwa, anawaomba wasikilizaji wamruhusu aingie kwenye hoja. Mwandishi wa habari ya chuo afanye vivyo hivyo.

Ya pili ni woga, na hii hawakuiandika wazi, lakini imo katikati ya mistari. Picha ya meza kuu haimletei mtu matatizo, hoja inaweza kumletea. Siwezi kuwacheka wanaoogopa, maana yaliyoipata Cheche yalitokea kweli. Lakini mjadala usioandikwa hauwi salama kwa sababu hiyo. Unageuka uvumi. Mtoa mada anatoka ukumbini, na jioni ile ile anasikia amesema maneno ambayo hakuyasema, akiwa hana maandishi ya kujitetea. Ripoti iliyoandikwa kwa uangalifu, iliyompa mzungumzaji nafasi ya kusahihisha nukuu zake kabla ya kuchapwa, inamlinda yeye na inakilinda chuo. Katika jarida hili tutafuata utaratibu huo kila mara.

Yanayosemwa kuhusu habari za matukio yaliyopita yanagusa pia matangazo ya matukio yajayo. Mhadhara ukiitwa wa wazi, uwe wazi kweli. Mkazi wa Changanyikeni aliye jirani na Mlimani, wa Ng'ong'ona aliye jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, au wa Tunguu kilipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ana haki ya kujua mapema kwamba wiki mbili zijazo kutajadiliwa jambo linalohusu maisha yake, kwa lugha anayoielewa, na kwamba mlinzi getini hatamdai barua ya mwaliko. Tangazo lililobandikwa jana kwa mhadhara wa kesho saa nane mchana, siku ya kazi, limewaita wale wale waliokuwa hawahitaji kuitwa. Na tangazo linalotaja anwani ya mada bila kusema ni swali gani litakalojibiwa halimpi mtu sababu ya kupanda daladala mbili.

Kwa hiyo kuanzia toleo hili, kila tangazo katika kalenda yetu limeeleza mambo manne: swali litakalojadiliwa kwa sentensi moja, lugha itakayotumika, saa ya kuanza na ya kumaliza, na kama asiye mwanachuo anaruhusiwa kuingia. Matangazo yaliyokosa hayo tumeyarudisha kwa wenyewe, na karibu wote waliyajaza. Nawashukuru.

Kalenda yenyewe inafuata mwaka tuliouzoea. Kuna tamasha la Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2008, Shivji akiwa profesa wake wa kwanza. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na mwezi huo huo kwa kawaida kuna maonesho ya Tume ya Vyuo Vikuu katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Agosti 8 ni Nanenane, sikukuu ya wakulima. Mwisho wa mwaka ni msimu wa mahafali. Ombi langu kwa waandaaji wa Siku ya Kiswahili ni la pekee: ngonjera na ngoma zibaki, lakini kila chuo kitenge angalau saa mbili za mdahalo mmoja mzito kuhusu lugha, na matokeo yake yaandikwe. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa na jarida lake la kuhifadhi maamuzi na mabishano. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) iliirithi kazi hiyo mwaka 1964, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ikaipokea mwaka 2009. Mkondo huo usikatike mikononi mwetu.

Katika makala za toleo hili, mwalimu mmoja wa kilimo anaeleza namna ya kumsimulia mkulima matokeo ya utafiti kabla ya Nanenane. Mfano wake ni panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Dunia iliielewa habari ile, anasema mwandishi, kwa sababu ilielezwa panya anafanya nini na anafanyaje. Mhadhiri wa historia anaurejea Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika uliofanyika Ukumbi wa Nkrumah, Mlimani, Juni 1974, na mvutano uliotokea kati ya walioanzia kwenye rangi na walioanzia kwenye tabaka. Isomeni hiyo kwanza. Kuna barua kuhusu dirisha la maombi ya mikopo, tanzia, na taarifa za michezo.

Maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, inaweza kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Miaka ishirini ijayo atakayeketi humo kutafuta tulichokuwa tukikifikiri atakuta kile tu ambacho sisi tumekiandika sasa.

Nawaomba basi wakuu wa idara, viongozi wa serikali za wanafunzi na makatibu wa jumuiya za wanataaluma: kila mnapoandaa tukio, mteueni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuandika hoja, maswali na majibu, naye akae mbele, si nyuma ya mpigapicha. Mtuletee maandishi yake. Yakitufikia ndani ya wiki mbili baada ya tukio, tutayapa nafasi kabla ya habari nyingine yoyote.