Pumzi Ipimwe Mtu Angali Anatembea

Wafanyakazi wenzetu, akina mama na vijana wa jamaa zetu: wako watu wanaosema kwamba mgonjwa akiwekwa kwenye mashini ya kupumulia, amekwisha kufa. Wengine wanadhani mashini itamrudishia mapafu mapya. Wote wanakosea, na makosa hayo yanaumiza jamaa.

Mashini inafanya kazi ya misuli ya kifua kwa muda, mpaka dawa zishinde ugonjwa uliomwangusha mtu. Haiponyi mapafu yaliyoharibika zamani. Basi waganga wanajiuliza: tukiiondoa, ataweza kupumua mwenyewe?

Mwaka 1991 madaktari Karl Yang na Martin Tobin walitangaza hesabu nyepesi. Mgonjwa anaachwa apumue mwenyewe kidogo. Wanahesabu anapumua mara ngapi kwa dakika, kisha wanagawanya kwa lita za hewa ya pumzi moja. Anayepumua mara 20, kila pumzi lita 0.4, anapata 50: kuna tumaini. Anayehema mara 30, kila pumzi lita 0.25, anapata 120. Ikizidi 105, mara nyingi atachoka na kurudishwa kwenye mashini. Baadaye anajaribiwa kupumua bila msaada, kwa kawaida dakika 30 au zaidi.

Lakini hesabu hiyo inasema habari ya leo tu. Haisemi kama mgonjwa wa mapafu ya siku nyingi ataishi mwaka ujao. Hilo linaonekana zaidi katika maisha yake ya nyuma: alikuwa anatembea mpaka wapi, amekonda kiasi gani, ana ugonjwa gani mwingine, kifua chake kilikuwa kinatoa hewa kiasi gani alipokuwa mzima.

Hapo ndipo lilipo neno letu. Mtu anayetoboa na kuponda mawe ya dhahabu, hapa au Misisi, anavuta mavumbi ya mawe meupe. Mavumbi hayo yanatia makovu yasiyofutika katika mapafu na kufungulia mlango kifua kikuu. Tumbaku inaongeza hasara, na moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha unawaharibu akina mama vilevile. Kungoja mpaka mtu ahemee kitandani, ndipo tuulize mapafu yake yakoje, ni kuchelewa.

Kwa hiyo tunasema: wakubwa wa kazi wampime kila mfanyakazi pumzi siku ya kuingia kazini na kila mwaka, na jibu liandikwe katika karatasi yake. Mwamba utobolewe kwa maji, ili mavumbi yalale. Kitambaa cha mdomoni hakizuii mavumbi membamba.

Nanyi jamaa, mkimpeleka mgonjwa hospitali, mwambieni mganga ukweli: miaka aliyofanya kazi ya mawe, sigara alizovuta, mlima alioshindwa kupanda. Ulizeni kama barakoa ya kusukuma hewa inaweza kujaribiwa kwanza, kwa maana imewaokoa wengi wenye mapafu yaliyoziba wasitiwe mpira kooni. Na mzungumze naye mapema juu ya anachotaka, angali ana sauti ya kujibu.

Mwenye kukohoa majuma mawili asingoje. Aende akapimwe kesho.