Spika za laki na themanini kwenye sebule ya futi 12 kwa 14

Najua nimeadimika, naomba radhi. Mteja wangu mmoja wa mjini alitaka mfumo wake wa risiti ubadilishwe wote kwa wiki tatu, na wiki tatu za wateja mnazijua, huwa miezi miwili. Basi leo sina hamu ya kodi wala hifadhidata. Leo nataka kuzungumzia spika, kwa sababu kila anayenitembelea hapa Mtopanga huziona kabla hajaniona mimi, halafu huuliza swali lile lile: je, zina thamani ya pesa yake?

Mwaka mzima sasa nazo, kwa hivyo naweza kujibu bila ya ule wazimu wa kitu kipya.

Ni spika za kusimama sakafuni. Kimo chanifika kifuani, kila moja kilo ishirini na kitu, na ndani yake kuna wufa mbili za inchi 6 na nusu, spika moja ya sauti za kati na twita moja. (Nikisema wufa hapa nakusudia ile spika yenyewe ya besi, si "wufa" ya madukani, lile sanduku moja lenye vijispika viwili na taa za buluu ambalo karibu kila nyumba Kisauni inalo.) Jina la kampuni sitalitaja. Hawajanilipa niwatangazie, na mengi ya matatizo nitakayoyasema si makosa yao.

Nilizinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Nyali kurudi kwao. Zikiwa mpya bei yake ni ya gari kuukuu. Yeye alinipa kwa shilingi 180,000, jozi. Sasa hapo ndipo pana hadithi, maana hizo 180,000 zilikuwa za tangi la maji na pampu. Wakaazi wa huku mnajua maji yetu, leo yapo kesho mkokoteni. Nikazileta na pikapu, tukazishusha watu wanne, mke wangu akazizunguka mara moja kama mtu anayekagua mbuzi wa Idi, akauliza: "Na bomba la maji liko wapi katika hizi?"

Sikuwa na jibu. Nikasema subiri uzisikie.

Tukazisikia. Jamani, zilikuwa mbaya! Nasema kweli. Pesa zote zile, na besi ikawa inanguruma kama lori limekwama mlangoni. Vioo vya luva vinatetema, picha ya Makka inacheza ukutani, na sauti ya mwimbaji imezama chini kabisa. Jirani akabisha kuuliza kama nimenunua jenereta. Mke wangu hakusema kitu, akaenda jikoni. Ile kimya yake ilinikera kuliko maneno.

Mtu wa programu akikuta hitilafu huanza kupima, halaumu kwanza. Nilikuwa na maikrofoni ya kupimia, ile ndogo ya USB iitwayo UMIK-1, na kuna programu ya bure iitwayo Room EQ Wizard. Unaifanya spika ipige mlio unaopanda kutoka chini hadi juu, maikrofoni inasikiliza pale unapokaa, kompyuta inachora mstari. Katika mstari wangu palikuwa na kilima kirefu kwenye hezi 41, kilima kingine karibu na 48, na katikati ya 60 na 70 shimo.

Hebu tazameni hesabu, ni rahisi. Kwa joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Sebule yangu ina urefu wa futi 14, yaani mita 4.27. Wimbi ambalo nusu yake yaingia sawasawa baina ya ukuta na ukuta ni la hezi 349 ugawanye kwa mara mbili ya 4.27, unapata 40.9. Upana ni futi 12, mita 3.66, fanya hivyo hivyo unapata 47.7. Vilima vyangu viwili ndivyo hivyo! Spika haina kosa. Chumba ndicho kinachoimba. Na kuta zetu ni za mawe, sakafu ya saruji, hakuna kinachokunywa sauti isipokuwa mkeka na pazia, navyo mbele ya besi ni kama kuzuia mafuriko kwa chujio la chai.

Kilichonichekesha ni hiki. Waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubonyezwa, hutoa noti ya E ya hezi 41.2. Yaani katika chumba cha futi 14, mpiga besi akigusa waya ule tu nyumba inamjibu. Halafu akipanda hadi G, hezi 49, ukuta wa pili unampokea. Noti zilizo baina yake hazina mtetezi. Kwa hivyo besi unayoisikia si aliyoipiga mtu yule, ni ile aliyoichagua mjenzi wa nyumba.

Ndiyo sababu nawaambia wenzangu wenye sebule kama yangu: kama una laki mbili na unataka muziki, usinunue spika za kusimama. Nunua ndogo nzuri, ziweke juu ya stendi au hata matofali, pesa inayobaki ifanyie jambo la maana. Spika kubwa imeundwa ipate nafasi, itoke ukutani mita nzima, ipumue. Mimi nikizitoa mita nzima, mlango haufunguki na watoto hawana pa kupita. Wufa mbili kubwa katika futi 12 kwa 14 ni kama kumwita mpiga beni aje kukupigia chooni.

Nikazirekebisha hata hivyo, maana nishatoa pesa. Nilizisogeza sentimita kumi kumi kwa siku tatu. Nikaweka kabati la vitabu pembeni. Kwenye kompyuta nikapunguza hezi 41 kwa desibeli 9 katika ukanda mwembamba, na 48 kwa 6. Lile shimo sikuligusa, kwa sababu pale mawimbi yanafutana, na ukiongeza nguvu unaongeza pande zote mbili, bado zitafutana, utachosha amplifaya bure. Dawa kubwa kuliko zote haikugharimu kitu: fungua madirisha. Besi inatoka nje. Bila shaka ikitoka nje inaingia kwa jirani, kwa hivyo ni mpaka saa tatu za usiku, na muadhini akianza nazima.

Mambo mengine nitapita haraka. Waya: watu wa mitandao ya ng'ambo watakwambia ununue waya wa bei ya ng'ombe. Mimi nilitumia waya wa kawaida wa umeme wa milimita mraba 2.5 kutoka duka la hadiwea. Mita nne kwenda na nne kurudi ukinzani wake ni kama omu 0.06, mbele ya spika ya omu 4 si kitu. Umeme: jioni hupanda na kushuka, weka stabiliza. Hewa ya chumvi: vile vituo vya kufungia waya nyuma vimeshaota ukijani, nasugua kila baada ya miezi miwili. Ukiona spika kuukuu za ule mpira wa sponji pembezoni mwa wufa, bonyeza kwa kidole kwanza. Sponji hiyo huoza kwa umri, na unyevu wetu hauisaidii.

Baada ya kazi hiyo, naam, ni spika nzuri. Sitaki kudanganya. Nina ile diski ya Maulidi Musical Party, "Mombasa Wedding Special", ambayo kampuni ya GlobeStyle ya London iliitoa 1990, na nina "Zanzibara 2" ya Buda Musique ya Ufaransa ya 2005, iliyokusanya nyimbo za Mombasa za 1965 hadi 1975 zilizokuwa zimetoka kwa Mzuri Records. Ya kwanza ikipigwa, ngoma zinakaa mahali pake na mwimbaji yuko mbele yako, ungempa tunzo. Ya pili ni ya zamani zaidi na inasikika zamani, lakini unamsikia Zein l'Abdin akidonoa udi, na unasikia ukucha.

Halafu nikatia kaseti za nyumbani.

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Mke wangu ana sanduku la kaseti 74 alilorithi kwao: Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, nyingi ni za harusi, zilizorekodiwa ukumbini siku yenyewe. Hazina nakala popote. Nilitia moja kwenye deki na kwa spika hizi za kifahari sauti ikatoka kama mtu amefunikwa blanketi. Taishokoto, ambayo hulia kama mvua juu ya bati, haipo kabisa. Nikasema ndiyo basi, kaseti zimekufa.

Hazikuwa zimekufa. Fundi mmoja mzee alinipa siri kwa simu. Kichwa cha deki kina skrubu ndogo inayokiinamisha. Kaseti iliyorekodiwa kwa mashine ambayo kichwa chake kimeinama kidogo, ukiipiga kwa mashine iliyonyooka, sauti za juu zinapotea. Si kwamba zimefutika, bado ziko kwenye utepe, wewe ndiwe huzisomi. Chukua bisibisi ya saa, zungusha polepole huku unasikiliza, mahali sauti inapong'aa simama. (Kwanza tia alama pale skrubu ilipokuwa. Mimi nilitumia rangi ya kucha ya mwenyewe, bila ruhusa.)

Nilizungusha chini ya robo. Taishokoto ikatoka! Nikapiga kelele mpaka watoto wakaja. Bisibisi ile nilinunua shilingi 50, na tofauti yake ilikuwa kubwa kuliko ile ya 180,000. Sisemi kwa kupamba, mstari wa kompyuta ninao.

Kaseti ile ilikuwa ya harusi ya shemeji yangu, mkubwa wa mke wangu, 1994. Katikati ya wimbo, nyuma ya ngoma, mwanamke anasema kwa sauti ya kuamrisha kwamba wageni wa Likoni hawajapata viti na kwani vijana wako wapi. Mke wangu alikuwa anapita na beseni. Akasimama. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Ni mamake, marehemu mkwe wangu, ambaye mimi sikumkuta. Picha anazo tatu, sauti hakuwa nayo hata moja. Tulikuwa tukiipiga kaseti hiyo miaka yote na hakuna aliyejua yumo.

Tukairudisha mara nyingi usiku ule, na jirani akavumilia.

Sasa mtu atasema, si unaona, spika zimelipa! Hata mimi nilitaka kusema hivyo, ingenifaa sana nyumbani. Lakini siku ya pili nilijaribu kaseti ile ile kwa hedifoni za shilingi 3,000, za kuvaa masikioni kabisa, na mkwe alikuwepo, tena wazi zaidi, kwa sababu ndani ya hedifoni hakuna kuta za futi 14. Aliyemfungua ni ile skrubu. Mke wangu naye aliniomba kipande kile, sekunde 11, akakitia kwenye simu. Hukisikiliza hapo hapo kwenye kijispika cha simu, kidogo kuliko sarafu, huku anakuna nazi. Hajawahi kuniomba nimpigie kwa zile kubwa.

Basi jibu langu kwa wanaouliza ni hapana, pesa ile haikwenda mahali pake. Si kwa sababu spika ni mbaya. Mimi nilitumia laki na themanini kutafuta sauti nzuri ilhali sauti zenyewe zilikuwa chini ya kitanda zinaota ukungu. Spika zile zitaendelea kutengenezwa, mwaka ujao kutakuwa na bora zaidi. Kaseti ya harusi ya 1994 ni moja tu, na Mombasa nzima imejaa masanduku kama lile, wenyewe wanayatupa wakihama kwa kuwa "hata deki hatuna". Juma Bhalo alifariki 2014, Zein l'Abdin 2016. Nyimbo zao zilizotoka madukani pengine zitapatikana. Usiku walioimba kwenye uwanja wa mtaa, nani anao?

Kwa wanaotaka kujaribu: natumia Audacity, biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde. Kaseti ya dakika 60 hutoka kama gigabaiti moja, ukiibana kwa FLAC inapungua. Usiondoe mvumo wala kelele kwa programu mwanzoni, hifadhi mbichi kwanza, usafishaji ufanye kwenye nakala. Yenye ukungu usiitie kwenye deki kabla ya kuisafisha, itachafua kichwa na kuambukiza nyingine. Na kila kaseti irekebishie skrubu upya, maana kila moja ilirekodiwa na mashine yake.

Nimefika ya 31. Spika nimezitangaza kuuzwa, mtu wa Bamburi anakuja Jumamosi kuzisikiliza, na nimepanga kumwambia kuhusu hezi 41 kabla hajatoa pesa. Tangi nimeshauliza bei. Ninachotafuta sasa ni deki ya pili, hii yangu mkanda wake wa mpira umeanza kulegea. Mwenye nayo huku Kisauni, hata kama haiwaki, asiitupe, anitafute.