Goti la Paige Bueckers

Wazazi wa mabinti wanaocheza kikapu huniuliza kuhusu ufadhili wa chuo. Mimi nesi huwauliza kuhusu magoti, mnisamehe.

Mtazameni Paige Bueckers, aliyekuwa gadi wa Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2021, akiwa mwaka wa kwanza tu, alitajwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Desemba hiyo goti la kushoto likaumia, akapasuliwa. Agosti 2022, goti lilelile, ukano uitwao ACL ukakatika. Msimu mzima wa 2022/23 hakucheza hata dakika moja. Alirudi, na Aprili 2025 Connecticut ikatwaa ubingwa kwa kuifunga South Carolina 82–59. Mwezi huohuo Dallas Wings wakamchagua wa kwanza kabisa kuingia WNBA.

Ukano huo huwakatika wasichana mara nyingi kuliko wavulana, na baada ya upasuaji husubiriwa miezi tisa au zaidi. Uvimbe ukiisha binti hutembea vizuri, ndipo nyumbani huanza, "Mechi lini?" Kutembea si kuruka, jamani. Paja huwa bado dhaifu. Kabla ya kumruhusu acheze, mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia apime nguvu za miguu yote miwili, awaonyeshe tofauti.