Mahabusu na Vinasaba Vyake: Haki Isiishie Mlangoni mwa Mahakama

Mtu akikamatwa na kufikishwa katika kituo cha polisi huvuliwa mkanda na viatu, hutolewa fedha na simu mfukoni, na vyote huandikwa katika daftari. Siku akiachiwa, daftari hufunguliwa naye hurudishiwa vilivyo vyake. Utaratibu huo hata asiyejua kusoma anauelewa na kuudai. Lakini siku hizi kuna kitu kingine ambacho mataifa mengi yameamua kukichukua kwa mtu aliyekamatwa, nacho hakimo katika daftari hilo. Ni vinasaba vyake, ambavyo wengi wetu twavijua kwa jina la DNA. Kijiti chenye pamba hupitishwa ndani ya shavu, na kazi huwa imekwisha. Swali tunalopenda kuliweka mbele ya waamini wote, na hasa viongozi wa walei, ni hili: je, mtu huyo akionekana hana hatia, kitu hicho nacho hurudishwa?

Msimamo wetu twautaja mapema, ili msomaji ajue tunakokwenda. Serikali inayo haki ya kutumia elimu ya vinasaba katika kuwatafuta wahalifu. Haina haki ya kuuhifadhi mwili wa mtu ambaye mahakama imemwachia huru, au ambaye hakupelekwa mahakamani kabisa. Sampuli yake na maandishi yaliyotokana nayo havina budi kuteketezwa.

Elimu iliyoanza kwa kumwokoa asiye na hatia

Asitokee mtu akadhani kwamba twaipinga elimu hii. Iligunduliwa mwaka 1984 na mwanasayansi Alec Jeffreys katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Karibu na mji huo wasichana wawili, kila mmoja wa miaka 15, walikuwa wamenajisiwa na kuuawa, wa kwanza mwaka 1983 na wa pili mwaka 1986. Kijana mmoja wa miaka 17 alikamatwa, akakiri kuua mara ya pili. Vinasaba vilipopimwa vilionyesha kwamba mauaji yote mawili yalifanywa na mtu mmoja, na kwamba mtu huyo si kijana yule. Alikuwa amekiri kosa ambalo hakulitenda. Polisi waliwaomba wanaume wapatao 5,000 wa vijiji vya jirani watoe damu kwa hiari. Muuaji mwenyewe alimtuma mwenzake atoe damu badala yake, hila hiyo ikagundulika, naye akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1988.

Nchini Marekani watu zaidi ya 370 waliokuwa wamehukumiwa wamethibitishwa kwa njia hiyo hiyo kuwa hawana hatia, na baadhi yao walikuwa wakingoja kunyongwa au kuuawa kwa sindano. Aidha, mwanamke aliyebakwa gizani, asiyeweza kuutambua uso wa aliyemtenda, amepata katika vinasaba shahidi asiyehongeka wala kutishika. Sisi tunaohudumu parokiani twawajua wanawake na watoto wa namna hiyo, na twajua ni mara ngapi kesi zao hufa kwa kukosa ushahidi. Hatuwezi kuandika juu ya jambo hili kana kwamba wao hawapo.

Somo kutoka Uingereza

Mwaka 1995 Uingereza ilifungua benki ya taifa ya vinasaba kwa ajili ya kazi ya polisi. Hapo mwanzo sheria ilitaka sampuli ya mtu aliyeachiwa huru iteketezwe. Mwaka 2001 sheria ilibadilishwa, polisi wakaruhusiwa kuitunza. Tangu mwaka 2004 walipewa uwezo wa kuchukua sampuli kwa kila mtu aliyekamatwa kwa kosa lolote linaloandikwa katika kumbukumbu za polisi, hata kabla hajashtakiwa, apende asipende. Kila hatua ilionekana ndogo, na kila hatua ilitetewa kwa jina la usalama.

Januari 2001 mtoto wa miaka 11 alikamatwa kwa tuhuma ya kujaribu kunyang'anya. Mwezi Juni mwaka huo huo mahakama ilimwona hana hatia. Aliomba alama zake za vidole na vinasaba vyake viteketezwe, polisi wakakataa. Mtu mzima mmoja aliyekamatwa kwa kumsumbua mwenzi wake, kisha wakapatana na kesi ikafutwa, aliomba vivyo hivyo, akakataliwa. Walishindwa katika mahakama zote za nchi yao. Ndipo walipokwenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg, na tarehe 4 Desemba 2008 majaji 17, bila hata mmoja kupinga, waliamua kwamba Uingereza imevunja haki yao ya faragha. Majaji walisema kwamba kuwatunza wote bila kuchagua, mkubwa kwa mdogo, mwenye kosa zito na mwenye kosa dogo, ni kupita kiasi. Walionya pia kwamba mtu aliyeachiwa huru, akiwekwa katika kumbukumbu moja na waliohukumiwa, hubaki na doa, na kwamba kwa mtoto madhara huwa makubwa zaidi.

Mwaka 2012 Uingereza ilitunga sheria mpya. Kumbukumbu zaidi ya milioni 1.7 za watu wasio na hatia na za watoto ziliondolewa, na sampuli zaidi ya milioni 7 ziliteketezwa. Tuyaangalie vizuri matokeo hayo. Benki yenyewe haikufungwa, nayo hadi leo inaendelea kuwasaidia polisi. Kilichokoma ni desturi ya kumtendea asiye na hatia kama mhalifu ambaye zamu yake haijafika.

"Asiye na hatia ana hofu gani?"

Neno hilo twalisikia mara nyingi, nalo lastahili jibu.

Kwanza, vinasaba havifanani na alama za vidole. Alama ya kidole husema mtu fulani aligusa kikombe, basi. Sampuli ya mate hubeba urithi wote wa mtu: maradhi anayoweza kuyapata, asili ya wazee wake, na ukweli juu ya nani ni mtoto wa nani. Tena hakuna mtu aliye na vinasaba vyake peke yake. Twavipokea kwa baba na mama, na twavigawana na ndugu. Mwaka 2004 Uingereza ilimtia hatiani mtu ambaye polisi walimfikia kupitia vinasaba vya ndugu yake vilivyokuwa katika benki. Kwa hiyo anayechukuliwa mate kituoni huwa amewaandikisha wazazi wake, ndugu zake na watoto wake, nao hawakuulizwa neno.

Pili, wanadamu hukosea. Polisi wa Ujerumani na nchi jirani walimtafuta kwa miaka mingi mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilionekana katika sehemu zipatazo 40 za uhalifu, mojawapo ikiwa ni mauaji ya askari wa kike katika mji wa Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ilibainika kwamba mwanamke huyo mhalifu hakuwapo kabisa. Vinasaba vile vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwandani aliyeshika vijiti vya pamba wakati wa kuvifungasha. Ikiwa hayo yametokea penye maabara za kila namna, yatupasa kujiuliza yanayoweza kutokea penye upungufu wa vifaa na wataalamu.

Tatu, tuwaangalie wanaokamatwa. Mtu hukamatwa kwa dhana tu ya askari, na dhana hiyo haiwaangukii watu wote sawasawa. Katika miji yetu wanaokumbwa na misako ya usiku ni vijana wasio na kazi, wachuuzi wa barabarani, akina mama wauza pombe ya kienyeji, watoto wa mitaani. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za kuwakamata watu kwa uzururaji zapingana na Mkataba wa Afrika. Benki inayojazwa kwa njia ya misako itakuwa orodha ya maskini. Mwana wa tajiri, hata akiwa mwovu kuliko wote, hatakuwamo, kwa kuwa askari hamshuku.

Hoja nzito ya upande wa pili

Haki yataka tuitaje hoja ya wasiokubaliana nasi kwa nguvu zake zote. Mwaka 2009, katika jimbo la Maryland, Marekani, mtu mmoja alikamatwa kwa kutishia watu kwa bunduki. Alichukuliwa vinasaba, navyo vikaoana na vya ubakaji wa mwaka 2003 ambao mtendaji wake alikuwa hajulikani. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kitendo hicho mwaka 2013 kwa kura 5 dhidi ya 4. Bila sampuli ile, huenda mwanamke yule asingepata haki yake hata leo. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika kwa niaba ya wanne walioshindwa, hakuukana ukweli huo. Alisema kwamba Katiba hairuhusu kumpekua mtu kwa ajili ya kosa ambalo hakuna dhana yoyote kwamba alilitenda.

Nasi hatuukani. Utaratibu tunaoutetea una gharama yake, na wapo waliodhulumiwa watakaoibeba. Lakini tukikubali kwamba mtu asiye na hatia atunzwe kwa kuwa huenda siku moja akafaa, hatuna pa kusimamia. Hoja hiyo hiyo yatutaka tuchukue vinasaba vya kila mtoto siku ya kuzaliwa. Na hilo si jambo la kuwaza tu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 nchini Kenya yaliweka vinasaba miongoni mwa mambo ambayo serikali ingeweza kuyachukua katika kuandikisha wananchi wote. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ililifuta jambo hilo Januari 2020, ikisema ni kuingilia faragha pasipo lazima.

Zaidi ya hayo, mara nyingi anayekwamisha haki ya mwanamke aliyebakwa ni vielelezo visivyopimwa. Afrika ya Kusini ilianza mwaka 2015 kuitumia sheria inayolazimisha kuchukua sampuli kwa wanaokamatwa kwa makosa mazito. Kufikia mwaka 2021 vielelezo vya mashauri zaidi ya 200,000 vilikuwa vikisubiri kupimwa katika maabara za polisi. Sampuli ya aliyekamatwa haisemi lolote ikiwa ile iliyotolewa katika nguo ya aliyeumizwa imelala kabatini. Kwa hiyo fedha iliyopo itangulie kwa waliodhulumiwa.

Yatupasa kudai nini

Nchi zetu hazianzi leo. Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kenya, kwa mabadiliko ya mwaka 2003, yamruhusu afisa wa polisi wa cheo cha inspekta au zaidi kuamuru kwa maandishi kwamba mshukiwa wa kosa zito achukuliwe sampuli. Tanzania ilitunga sheria ya vinasaba vya binadamu mwaka 2009, na usimamizi wake uko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kuwapo kwa sheria ni jambo jema kuliko kutokuwapo. Hata hivyo twaona kwamba mambo haya lazima yalindwe:

1. Sampuli isichukuliwe kwa makosa madogo. Ichukuliwe kwa kosa zito tu, tena pale inapoweza kuthibitisha au kukanusha tuhuma ile ile iliyopo, na kwa amri ya hakimu.

2. Mtoto asichukuliwe sampuli pasipo mzazi au mlezi kuwapo.

3. Mtu akiachiwa, sampuli na kumbukumbu zake ziteketezwe bila yeye kuomba, naye apewe hati ya kuthibitisha hivyo.

4. Anayetunza sampuli asiwe yule anayepeleleza kesi.

5. Waliohukumiwa kwa makosa mazito kumbukumbu zao zaweza kutunzwa, lakini kwa muda unaojulikana, maana mtu hutubu na kubadilika. Nao wawe na haki ya kudai kipimo kinachoweza kuonyesha kwamba walihukumiwa kwa makosa.

Maandiko Matakatifu yatueleza kwamba Mungu alimwekea Kaini alama. Kaini alikuwa muuaji, na hatia yake haikuwa na shaka. Hata hivyo alama ile iliwekwa ili mtu yeyote atakayemkuta asimwue. Ikiwa mwenye hatia alipewa alama ya kumlinda, sisi twapata wapi ujasiri wa kumwekea asiye na hatia alama ya kumwinda?

Viongozi wa walei, na hasa wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia, mnao mlango ambao wengi hawana: mnawatembelea mahabusu. Mnapokwenda na sabuni na chakula, ulizeni pia: je, umechukuliwa mate au damu? Na nani? Ulionyeshwa amri ya maandishi? Andikeni majibu, tarehe na kituo. Aliyeachiwa asindikizwe kuuliza sampuli yake iko wapi, maana peke yake ataogopa kurudi pale alipofungwa. Mambo haya yajadiliwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo, na wabunge waulizwe wanapokuja kuomba kura. Mahakama ikisema mtu hana hatia, neno hilo liheshimiwe mpaka ndani ya makabati ya maabara.