Uchambuzi: Mituweli ya Rwanda na maradhi yasiyoondoka

Kila ifikapo Julai mosi, kaya za vijijini nchini Rwanda huanza mwaka mpya wa bima ya afya ya jamii, ile ambayo Wanyarwanda wote huiita mituweli. Katika sekta ya Nyakarenzo, iliyoko wilayani Rusizi jirani na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama ilivyo katika sekta nyingine za nchi hiyo, familia nyingi zimekuwa zikilipa faranga 3,000 kwa kila mtu. Kwa fedha hizo kidogo Rwanda imepata mafanikio ambayo mataifa tajiri zaidi barani Afrika bado yanayatamani. Hata hivyo mfumo huo ulijengwa kwa ajili ya malaria, kuharisha na uzazi, yaani mambo yanayokuja na kupita. Sasa unatakiwa kumhudumia mtu ambaye ugonjwa wake hauna siku ya kupona.

Nyakarenzo ni moja ya sekta 18 za Rusizi, wilaya ambayo wazee bado huiita Cyangugu kwa jina la mkoa wa zamani. Ni nchi ya vilima, migomba, mihogo na maharage, na ya watu wanaoishi kwa jembe na kwa biashara ndogondogo kuelekea Kamembe na Bukavu. Mgonjwa wa huko akizidiwa hupelekwa katika moja ya hospitali za wilaya: Gihundwe, kandokando ya mji wa Kamembe, au Mibilizi, penye misheni ya Kikatoliki tangu mwaka 1903. Ikishindikana hapo, rufaa huelekea Huye au Kigali, safari ya saa nyingi kwa basi kuuvuka msitu wa Nyungwe.

Ngazi ya chini iliyo imara

Ni haki kuanza na kilichofanikiwa. Mituweli ilianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya za Byumba, Kabgayi na Kabutare, miaka mitano tu baada ya mauaji ya kimbari, wakati nchi ilikuwa na madaktari wachache na hazina tupu. Ikaenea nchi nzima katika muongo uliofuata. Hadi mwaka 2011 kila mtu alilipa faranga 1,000. Baada ya hapo viwango vikapangwa kulingana na uwezo wa kaya, maskini kabisa wakilipiwa na serikali, walio wengi wakilipa faranga 3,000 na wenye nacho 7,000. Tangu Julai 2015 mfuko huo unasimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB.

Mwanachama anapofika katika kituo cha afya huchangia faranga 200. Hospitalini hulipa asilimia 10 ya gharama. Chini ya kituo cha afya yupo mshauri wa afya wa kijiji, umujyanama w'ubuzima, anayechaguliwa na majirani zake. Nchi nzima wako zaidi ya 58,000. Wao ndio wanaompima mtoto mwenye homa, kumpa dawa ya malaria palepale kijijini, na kumkumbusha mjamzito kliniki.

Matokeo yanaonekana katika takwimu za kitaifa. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 152 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa 2019-20 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 45. Vifo vya uzazi navyo vilishuka kutoka 1,071 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2000 hadi 203. Nyuma ya tarakimu hizo wamo wanawake wa vilima kama vya Nyakarenzo waliofika kujifungulia mikononi mwa muuguzi badala ya kubaki nyumbani.

Kabla ya gari la wagonjwa, vilima hivyo vilikuwa na utaratibu wao: ingobyi, machela ya kusuka, na chama cha majirani waliofungwa na ahadi ya kumbeba mgonjwa wa zamu yoyote hadi hospitalini. Aliyekwepa zamu alitozwa faini. Wapo wanaoiona mituweli kuwa mrithi wa vyama hivyo, na kuna ukweli ndani yake. Lakini ingobyi ilikuwa kwa siku moja ya dharura. Hakuna chama kilichowahi kuahidi kumbeba mtu mmoja kila mwezi kwa miaka 20.

Hesabu ya mgonjwa wa presha

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria mwaka 2018 kuwa asilimia 44 ya vifo nchini Rwanda vilitokana na maradhi ambayo kwa lugha rasmi huitwa yasiyo ya kuambukiza. Kwa anayefasiri habari za afya, jina hilo ni gumu kidogo: linaeleza kile ambacho ugonjwa siyo. Kijijini watu husema presha, sukari, moyo, figo. Tafiti za Rwanda zinaonyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya sita ana shinikizo la juu la damu, na wengi hawajui mpaka siku wanapoanguka.

Tumfuate anayejua. Amekwisha kupimwa, ana daftari lake, na ameambiwa arudi kila mwezi kuchukua vidonge. Kadi yake ya mituweli ni halali, hivyo kila anapofika analipa faranga 200, ambazo kwa mwaka ni 2,400. Mpaka hapo mfumo umetimiza ahadi yake. Lakini siku ya kliniki si siku ya shamba. Tuchukue kibarua cha kulima kinacholipwa faranga 1,500 kwa siku: siku 12 zilizopotea kwa mwaka ni faranga 18,000. Hicho ndicho kiasi kamili ambacho familia ya watu sita hulipa kwa bima ya mwaka mzima. Nauli ya pikipiki haijaingia, na kwa mtu mwenye umri wa miaka 65 na miguu iliyovimba, kupanda kilima kwa miguu si chaguo.

Kwa maneno mengine, bima imeipunguza gharama ya dawa hadi karibu na sifuri, lakini haikuigusa gharama ya kuifuata dawa. Mtu mwenye malaria hulipa gharama hiyo ya pili mara moja au mbili kwa mwaka na kuisahau. Mwenye presha huilipa mpaka kufa.

Kisha kuna siku ambayo dawa haipo. Mgonjwa huandikiwa karatasi akanunue katika duka la dawa, na huko faranga 200 hazina maana tena. Usambazaji wa dawa za umma uliunganishwa mwaka 2020 chini ya kampuni ya serikali, Rwanda Medical Supply, kwa nia ya kuondoa upungufu huo. Malalamiko hayajaisha, na yamefika hadi bungeni. Kwa homa ya siku tatu, kukosa dawa ni usumbufu. Kwa shinikizo la damu ni hatari ya aina nyingine, kwa sababu mgonjwa hahisi chochote. Anakosa vidonge wiki mbili, anajiona mzima, anaamua kuwa amepona. Wauguzi wanaijua hadithi hiyo kuanzia mwanzo hadi kiharusi.

Utaratibu wa malipo nao una ukali wake. Kaya hutakiwa kulipia watu wake wote, si yule anayeumwa tu. Ikishafikisha asilimia 75 inaweza kuanza kutibiwa huku ikimalizia salio kabla ya Desemba kwisha. Kwa mantiki ya bima hilo ni sahihi, maana mfuko wa wagonjwa peke yao hufilisika. Vijiji vingi vimeunda vikundi vya akiba, ibimina, ambamo watu huweka faranga 100 au 200 kila wiki ili Julai isiwakute mikono mitupu. Ila familia yenye mgonjwa wa kudumu ndiyo hiyohiyo yenye kipato kilichopungua na yenye ugumu wa kujaza kikapu cha ikimina.

Mpaka unapofungwa

Juni 2020 iliweka udhaifu huu wazi. Serikali ilipoona maambukizi ya virusi vya corona yakiongezeka karibu na mpaka wa Kongo, iliweka zuio la kutoka majumbani katika sekta nne za Rusizi: Kamembe, Gihundwe, Mururu na Nyakarenzo. Mwanzoni mwa mwezi huo pikipiki za abiria zilikuwa zimeruhusiwa kurejea barabarani nchini kote, isipokuwa Rusizi na Rubavu. Kwenda kutibiwa hakukukatazwa. Lakini ruhusa ya kwenda na chombo cha kukupeleka ni vitu viwili, na mwenye miadi ya kila mwezi alikuwa anavihitaji vyote.

Tangu wakati huo eneo hilo halijapata utulivu mrefu. Mwaka 2024 ugonjwa wa mpox ulienea Kivu Kusini na kuingia Rwanda mwezi Julai. Septemba nchi ikatangaza mlipuko wa Marburg, uliothibitishwa kwa watu 66 na kuua 15, wengi wa waliougua wakiwa wahudumu wa afya. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, mji unaotazamana na Rusizi na ambao wachuuzi wa vilima hivi huutegemea kwa soko. Rwanda ilisifiwa, na kwa haki, kwa jinsi ilivyoidhibiti Marburg. Ila mlipuko huteka macho ya wizara, wafadhili na sisi wa vyombo vya habari pia. Mama anayesubiri vidonge vya sukari hajawahi kuwa habari ya dharura.

Somo lililopo katika chumba cha pili

Jambo linaloshangaza ni kwamba jibu, au sehemu yake kubwa, limo ndani ya vituo vya afya vyenyewe. Rwanda imekwisha kujifunza kuwatibu maelfu ya watu wa vijijini wenye ugonjwa usioondoka: wanaoishi na virusi vya ukimwi. Katika muongo uliopita nchi ilibadilisha utaratibu wake ili mgonjwa aliye imara apewe dawa za miezi mitatu kwa pamoja na kuonana na mtabibu kila baada ya miezi sita. Safari 12 zikawa nne. Foleni zikapungua, na watu hawakuacha dawa. Nchi hiyo ni miongoni mwa chache za Afrika zinazotajwa kuyafikia malengo ya Umoja wa Mataifa kuhusu matibabu ya ukimwi.

Hakuna sababu ya kitabibu inayomzuia mgonjwa wa presha aliyetulia kupewa vidonge vya miezi mitatu. Sababu iliyopo ni ya ghala na ya fedha. Dawa za ukimwi zimelipiwa kwa kiasi kikubwa na Mfuko wa Dunia na Marekani, zikiwa na mnyororo wa usambazaji unaolindwa kwa macho mengi. Vidonge vya presha, ambavyo ni vya bei rahisi, hutegemea madirisha ya kawaida. Kituo kisicho na uhakika wa shehena ya mwezi ujao hakiwezi kumpa mtu mmoja akiba ya robo mwaka.

Na mfadhili huyo wa ukimwi naye ametikisika. Amri ya Rais Donald Trump ya Januari 2025 ya kusimamisha misaada ya nje ilizikumba programu za afya Afrika nzima, Rwanda ikiwamo. Kuna hatari kwamba badala ya wagonjwa wa presha kupandishwa hadi kiwango cha wale wa ukimwi, makundi yote mawili yakutane katika dirisha moja lenye rafu nusu tupu.

Serikali ya Kigali haijalala. Januari 2025 baraza la mawaziri liliidhinisha bei mpya za huduma za afya, za kwanza tangu 2017, na kuongeza katika mituweli huduma ambazo hapo awali zilikuwa ndoto kwa mkulima: matibabu ya saratani, upandikizaji wa figo, viungo bandia. Mwaka 2023 ilianzisha mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne ndani ya miaka minne. Hatua ya mawaziri ni kubwa, na familia iliyouza shamba kwa ajili ya figo inajua ukubwa wake. Hata hivyo hatua hiyo imeongeza urefu wa ngazi kwa juu. Mgonjwa wa Nyakarenzo anayefika kwenye mashine ya figo huko Huye au Kigali mara nyingi ni yuleyule aliyekosa vidonge vya presha miaka kumi kabla, kilomita chache kutoka nyumbani kwake. Na asilimia 10 ya bili ya hospitali kubwa si faranga 200.

Macho sasa yanaelekezwa kwa mshauri wa afya wa kijiji, ambaye anazidi kuongezewa kazi, ikiwamo kupima presha na sukari ya majirani. Inafaa kukumbuka kuwa huyu ni mtu wa kujitolea. Malipo anayopata hupitia ushirika wake kulingana na kazi iliyofanyika, na ana shamba lake la kulima. Akipewa kifaa cha kupimia bila vidonge, atakuwa akiwagundua wagonjwa wengi zaidi na kuwapeleka kwenye foleni ileile ya kila mwezi. Akiruhusiwa kugawa dawa kwa waliotulia, kama anavyogawa za malaria, siku nane au zaidi za kibarua zitabaki shambani kwa mwaka. Uamuzi huo hauhitaji hospitali mpya, bali agizo la wizara na ghala la Rusizi lenye vidonge vya kutosha kabla ya Julai.